Lubumbashi: Jiko la nje ni lile lisilokimbiwa mvua ikinyesha

LUBUMBASHI – Jua linaposhuka katika mitaa mipya ya komine ya Annexe, kutoka Kasapa hadi Kilobelobe na Luwowoshi, kazi ni moja katika kila lupangu. Mtu anapepea mbabula, makala yanaanza kuwa mekundu, maji ya bukari yanawekwa juu. Ndani ya nyumba mara nyingi kuna jiko zuri lenye vigae ukutani na resho ya umeme. Lakini chakula kinapikwa nje, kwa sababu umeme wa SNEL unakatika bila kuaga, na kwa sababu hakuna anayetaka moshi wa samaki kwenye mapazia ya saluni.

Kwa wakaaji wengi wa Lubumbashi, basi, jiko la nje si anasa wala mapambo ya kuonyesha wageni. Ndilo jiko lenyewe. Hata hivyo, linapokuja suala la kujenga, ndilo linalofikiriwa mwisho: nyumba kwanza, ukuta wa lupangu wa pili, lango la chuma la tatu. Jiko linabaki mahali ambapo mbabula iliangukia siku ya kuhamia, chini ya mwembe au karibu na mlango wa nyuma.

Tatizo linaonekana mara mbili kwa mwaka. Katikati ya Novemba mvua inaanza, na haiachi kwa kweli hadi Machi au Aprili. Kisha Juni na Julai baridi inashuka, kwa kuwa mji uko kwenye mita zaidi ya 1.200 juu ya usawa wa bahari. Katika nyakati hizo mbili, mbabula inahama. Inaingia kwenye baraza, kisha kwenye ukumbi, na usiku wa baridi inafika hata chumbani, eti ipashe watoto joto.

Makala yaliyoshika vizuri hayatoi moshi, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, mtu anataka kutapika, halafu usingizi. Katika chumba kilichofungwa usingizi huo unaweza kuwa wa mwisho. Mtu akikutwa katika hali hiyo, anatolewa nje kwenye hewa mara moja na kupelekwa hospitali, hata kama anasema amepata nafuu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na gesi za kupikia nyumbani zilihusika katika vifo karibu milioni 3,2 duniani katika mwaka wa 2020. Kati ya hivyo, zaidi ya 237.000 vilikuwa vya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayetaka kujenga jiko la nje si uzuri wake. Swali ni hili: je, litafaa siku ya mvua kubwa na usiku wa baridi? Kama halifai siku hizo, moto utarudi ndani ya nyumba.

Upepo unasoma ramani yake

Kuchagua mahali ni kazi ya bure, lakini kosa lake linadumu miaka mingi. Katika majira ya ukavu, Lubumbashi hupata zaidi upepo wa kusini-mashariki. Mji wenyewe umeuandika ardhini. Tangu kiwanda cha kuyeyusha shaba kilipoanza kazi mwaka 1911, moshi wa bomba lake refu ulisukumwa kuelekea kaskazini-magharibi. Upande huo miti ilikauka na udongo ukabaki wazi, hadi watafiti wakaupa eneo hilo jina la koni ya uchafuzi.

Somo hilo linafaa hata kwa mbabula moja. Jiko likiwekwa kusini-mashariki ya nyumba, moshi utaingia madirishani kuanzia Mei hadi Septemba. Likiwekwa upande wa kaskazini-magharibi, moshi unaondoka. Lakini huko anakoondokea kuna jirani, na jirani naye ana madirisha. Kabla ya kuchimba, ni heri kusimama naye kwenye mpaka na kuzungumza, kuliko kuitwa baadaye kwa mkubwa wa mtaa.

Umbali wa mita tatu au nne kutoka nyumba unatosha: moshi hauingii, na mama hatembei sana akiwa na sufuria mkononi. Choo kiwe mbali, upande mwingine kabisa. Pale penye kisima, watu wa afya wanashauri angalau mita 30 kati yake na shimo la choo. Pia inafaa kuangalia maji ya mvua yanapita wapi. Anayejenga mwezi wa Agosti, wakati ardhi ni kavu kama mkate, anasahau kwa urahisi kwamba mwezi wa Januari sehemu hiyo hiyo ni mto.

Fundi amuulize anayepika

Mara nyingi mpango wa jiko unafanywa na watu wawili, baba mwenye lupangu na fundi. Mama anaitwa kuona kazi ikiwa imekwisha. Matokeo yake ni meza ya moto iliyo juu kama kaunta ya duka.

Hesabu ni rahisi. Tuseme meza ina sentimita 90, mbabula ina sentimita 30, sufuria ina sentimita 25. Mdomo wa sufuria utafika karibu mita moja na nusu, juu ya mabega ya wanawake wengi. Chai inaweza kuchemshwa hapo. Bukari haiwezekani. Bukari inasongwa kwa nguvu ya mgongo na mikono, kutoka juu kwenda chini, na sufuria inapaswa kushikiliwa isizunguke. Kitako cha moto chenye sentimita 20 au 25 tu kinaleta mdomo wa sufuria kwenye kiuno, na mikono inafanya kazi yake. Meza ya kukatia mboga ndiyo inayofaa kuwa na sentimita 85 au 90.

Kuna pia kinu cha sombe. Kutwanga kila siku juu ya sakafu nyembamba ya simenti kunaipasua. Afadhali kuacha pembe moja ya udongo ulioshindiliwa, chini ya paa hilo hilo, kwa ajili ya kinu peke yake.

Na kama lupangu ina wapangaji, jiko moja lenye kitako kimoja litazaa ugomvi. Vitako vitatu vilivyotengana, kila kimoja na mahali pake pa kuweka makala, vinagharimu matofali machache na vinaokoa maneno mengi.

Matofali, simenti na paa

Mfano wa jiko la kawaida ni mita nne kwa tatu. Ukuta mmoja wa mita nne, wenye urefu wa mita mbili kwenda juu, unasimama upande wa kusini-mashariki kuukinga moto. Kuta mbili fupi za mita moja na nusu zinafuata pembeni, na upande wa nne unabaki wazi. Ukuta mrefu usiguse paa: nafasi ya sentimita 30 au 40 hapo juu ndiyo njia ya moshi na gesi.

Kuta hizo zinafanya mita za mraba 14. Kama uso wa tofali pamoja na udongo wa kuungia ni sentimita 20 kwa 10, mita moja ya mraba inakula matofali 50. Jumla ni 700, na ukiongeza sehemu ya kumi kwa yatakayovunjika unafika 770. Matofali ya kuchoma ya hapa hayana kipimo kimoja, hivyo ni lazima kupima yale yatakayonunuliwa kabla ya kukubali hesabu ya fundi.

Lubumbashi ina bahati ya vichuguu vyake vikubwa, vilivyojengwa na mchwa kwa muda mrefu sana. Udongo wake ni wa mfinyanzi na ndio unaotumiwa kwa matofali mengi ya mji. Unafaa pia mahali pa moto. Simenti ikikaa karibu na makala kila siku inapasuka na kumomonyoka. Matofali ya kitako yaungwe kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, na simenti ibaki kwenye nguzo, sakafu na kuta za mbali na moto.

Sakafu ya betoni ya sentimita 10 kwa ukubwa huo ni mita moja na robo hivi ya ujazo. Inahitaji mifuko saba au minane ya simenti ya kilo 50. Iinuliwe juu ya ardhi, na ilale kidogo, sentimita mbili kwa kila mita, ili maji yatoke yenyewe hadi kwenye mfereji. Baada ya kumwagwa inapaswa kunyweshwa maji kwa siku saba. Wengi wanaruka hatua hii ili wapike haraka, na miezi michache baadaye sakafu inatoa vumbi.

Kuhusu paa, payoti ya nyasi inapendeza na ina ubaridi, lakini cheche moja ya mwezi wa Septemba inatosha kuimaliza. Nyasi zifunike mahali pa kukaa na kula. Juu ya moto yawekwe manjanja. Paa litoke nje ya kuta kwa sentimita 60 kila upande, maana mvua ya Lubumbashi haianguki wima, inakuja na upepo. Kwa mfano huu, paa linafika karibu mita 22 za mraba. Misumari isifanyiwe ubahili, kwani dhoruba za kwanza za Oktoba na Novemba ndizo zinazopima kazi ya seremala.

Ghala la makala nalo linataka kufikiriwa. Mfuko uliolowa unatoa moshi mwingi na joto kidogo, na pesa ni zile zile. Kijisanduku cha matofali kilichoinuliwa kutoka chini, chini ya paa lakini mbali na moto, kinatosha.

Mti ulio nyuma ya kila sufuria

Jiko zuri halifuti tatizo la makala yenyewe. Yanakuja mjini juu ya baiskeli na malori kutoka misitu ya miombo, na kila mwaka wachomaji wanakwenda mbali zaidi. Katika tanuru la udongo la kienyeji, mara nyingi zinahitajika kilo zaidi ya sita za miti ili kupata kilo moja ya makala.

Mashariki ya nchi, karibu na Hifadhi ya Virunga, WWF ilianzisha mwaka 2007 mradi wa EcoMakala, ambao wakulima wa Nord-Kivu wanapanda miti ya kuchoma makala katika mashamba yao. Nchini Kenya, jiko lenye bitana ya udongo ndani lilisambaa tangu miaka ya 1980, na linapunguza makala kwa theluthi moja au zaidi ukililinganisha na la bati tupu. Mafundi wanaotengeneza mbabula mjini wanaweza kufanya bitana hiyo, mradi mteja aiombe. Hata ukuta unaokinga upepo unasaidia, kwa kuwa mbabula iliyo wazi upeponi inawaka haraka na kupasha hewa badala ya sufuria.

Asiyeweza kujenga yote kwa mara moja anaweza kufuata mpangilio huu: kwanza nguzo na paa, kisha ukuta wa upepo, halafu sakafu, na mwisho meza na mapambo. Wengi wanaanza na sakafu ya vigae, pesa zinaisha, na mvua inakuta jiko halina kichwa. Kwa ujenzi mkubwa zaidi, wenye kuta zote na bomba la moshi, inafaa kupita kwanza kwenye ofisi ya urbanisme ili kuepuka usumbufu baadaye.

Muda wa kazi ni kati ya Mei na Oktoba, wakati matofali yamekauka na barabara za pembeni zinapitika. Na paa likishasimama, familia ikubaliane jambo moja ambalo halihitaji fundi wala simenti: usiku wa baridi, watoto wanaongezewa blanketi, na mbabula inalala nje.