Moteri ya mashini ya kusaga: kuinunua si kitu, kuilisha ndiyo kazi

Pita asubuhi kwenye mashini ya kusaga, iwe Goma, Bukavu ao Lubumbashi, utakuta akina mama wamepanga mabeseni ya mahindi na mihogo. Mwenye mashini anasaga mupaka jioni, wateja hawakosi. Lakini mwisho wa mwezi, akishalipa umeme, mufukoni hamubaki kitu. Anaanza kuwaza kupandisha bei, na mama mwenye beseni ndiye atakayelipa. Mbele ya kufika huko, tuangalie kwanza moteri yenyewe.

Kila moteri iko na kibati kidogo ubavuni. Pale wameandika nguvu yake, tuseme kilowati 11. Wengi wanafikiri kwamba inakula kilowati 11. Hapana. Hizo 11 ni nguvu inayotoa kwa kuzungusha mashini. Inayovuta kwenye umeme ni zaidi, kwa sababu sehemu moja inapotea kama joto. Njo maana ukigusa moteri inayofanya kazi, inakuwa ya moto.

Kwenye kibati hicho tafuta herufi IE. Ni ngazi za kimataifa: IE1 iko chini, IE3 na IE4 ziko juu. Moteri ya kilowati 11 inayozunguka karibu mara 1500 kwa dakika, ikiwa IE1, inageuza asilimia 87,6 ya umeme kuwa kazi. Ikiwa IE3, ni asilimia 91,4.

Utasema: tofauti ni kidogo tu! Tupige hesabu. Mashini inasaga kwa nguvu yake yote masaa 8 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. IE1 itakula karibu kilowati-saa 30 100, IE3 karibu 28 900. Kama kilowati-saa moja unailipa senti 20 za dola, huo ni mufano tu, IE1 inakula dola zaidi ya 6 000 kwa mwaka. IE3 inakuachia dola kama 250 kila mwaka. Kwa hiyo ukienda kununua moteri, hata ya okazyo, usiulize bei peke yake. Uliza itakula ngapi.

Na kama hauna pesa ya moteri mupya? Iko mengi ya kufanya na ile uliyo nayo.

Kwanza, usiiache izunguke bure. Watu husema kwamba kuwasha kunakula umeme mwingi, heri kuiacha. Ni kweli, wakati wa kuwasha moteri inavuta mara tano mupaka saba kuliko kawaida, lakini ni kwa sekunde chache. Wateja wakikosekana nusu saa, izime. Ila usiwashe na kuzima kila dakika, hiyo inachoma nyuzi za ndani.

Pili, angalia umeme unaoingia. Nyaya tatu zikitofautiana volti, moteri inapata joto sana: tofauti ya asilimia 3,5 tu inaongeza joto la nyuzi kwa karibu asilimia 25. Na kila digrii 10 juu ya kipimo chake, maisha ya nyuzi yanapungua karibu nusu. Uzi mumoja ukikatika, zima mara moja. Mwambie fundi aweke kifaa cha kuikinga.

Tatu, moteri ikiungua, usimpe mutu yeyote airudishe nyuzi. Fundi muzuri anafuata unene na hesabu ya nyuzi za mwanzo. Wa haraka haraka anaweka alizo nazo, na moteri itazunguka, lakini itakula zaidi kila siku.

Nne, usifunge moteri kubwa kuliko kazi. Ikifanya kazi chini ya nusu ya nguvu yake, inapoteza zaidi.

Mwisho, chukua kayé. Kila jioni andika namba ya kompteri na mifuko uliyosaga. Gawanya. Kilowati-saa kwa mufuko zikianza kupanda, kuna kitu: mukanda umelegea, nyundo za mashini zimekwisha, chujio limeziba. Tengeneza hicho kwanza. Bei ya beseni la mama inaweza kungoja.