Mbura: Tusitupe Kokwa

Jina la Mtendeni hutukumbusha mtende, lakini leo tuutazame mbura, mti wa asili wa misitu ya miyombo ya Unyamwezi, uliokuwepo kabla ya misafara ya karne ya 19. Tunda lake huanguka, likamalizia kuiva chini. Wengi hula nyama yake tamu na kutupa kokwa. Kumbe ndani ya kokwa hiyo ngumu mna mbegu yenye mafuta mengi. Huvunjwa kwa jiwe, ikaliwa mbichi au ya kukaangwa.

Misitu yetu hukatwa kwa mkaa na kukaushia tumbaku. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, wakala humo mtu, ndege au mnyama, kwake ni sadaka. Basi tusiukate mbura unaozaa, na mche tuutunze.