Kufunga Kiungo cha Tela katika Baiskeli ya Kukunja

Baiskeli ya kukunja hununuliwa kwa ajili ya jambo moja, nalo ni kule kukunjika kwake. Mtu wa London aendaye kazini huipanda mpaka stesheni, huikunja, kisha huingia nayo katika treni za chini ya ardhi, ambazo huikubali saa zote maadamu imekunjwa. Baiskeli isiyokunjika haina ruhusa hiyo saa za msongamano. Basi mwenye baiskeli ya namna hii atakapo kuvuta tela, ili achukue vitu vya sokoni au mtoto wake, anayo maswali mawili: Je, kiungo kitashika? Na je, baiskeli itakunjika kama zamani? Wengi huuliza la kwanza, wakasahau la pili mpaka wafikapo stesheni.

Na tutwae mfano wa Brompton, ambayo Andrew Ritchie alianza kuibuni mjini London katika miaka ya 1970, na ambayo hata leo hutengenezwa huko. Gurudumu lake la nyuma huzunguka likaingia chini ya fremu. Kisha sehemu ya mbele hukunjwa ikalala upande wa kulia, hata mnyororo ukawa katikati ya magurudumu mawili, usichafue nguo za mtu. Mwisho bomba la kiti hushushwa mpaka chini, nalo ndilo komeo la furushi zima. Mambo haya matatu yatupasa kuyakumbuka kabla ya kushika spana.

Viungo vya tela ni vya namna mbili. Namna ya kwanza hufungwa katika bomba la kiti. Travoy, kitoroli kitengenezwacho na Burley wa Marekani, ni cha namna hiyo, nacho huchukua mzigo wa kilo 27. Kwa mboga na mikate kinafaa sana. Lakini bomba haliwezi kushuka na kiungo kikiwa juu yake, kwa hiyo sharti kiwe cha kufunguliwa upesi kwa mkono. Tena kiungo kilicho juu kina hatari yake: breki zikamatapo, tela husukuma mbele, na msukumo upigao juu hutaka kulipunguzia gurudumu la nyuma uzito wake. Ikiwa wakati huo baiskeli imeinama katika kona, gurudumu hilo laweza kuteleza.

Namna ya pili hufungwa katika ekseli ya gurudumu la nyuma. Kwa mzigo mzito twaipendelea hii, na kwa mtoto hatuoni nyingine ifaayo. Kifungwe upande wa kushoto, kwa sababu upande wa kulia umejaa mnyororo na kikaza mnyororo, na penye gia za ndani ya kitovu hutokea kijinyororo cha gia pia. Zaidi ya hayo, Brompton ikunjwapo, ule upande wa kushoto wa ekseli hubaki nje ya furushi, wala haugongani na gurudumu la mbele.

Kazi yenyewe si ndefu. Fungua nati ya kushoto. Ukikuta pete bapa ya chuma yenye jino, usiitoe kamwe. Kwa gia za ndani pete hiyo ndiyo izuiayo ekseli isizunguke. Bamba la kiungo na likae nje ya pete hiyo, chini ya nati, wala lisiwekwe ndani kati ya fremu na kitovu. Sasa rudisha nati, ukatazame kwa makini. Nati isiposhika hesi zake zote katika ekseli, ekseli ni fupi mno, na hapo hapana budi kutafuta ndefu zaidi. Nati iliyoshika nusu haifai hata kwa gunia la viazi, sembuse mtoto. Na kama kitabu cha mwenye kiwanda chakataza tela, basi shauri limekwisha.

Kisha kuna jambo la kimo, ambalo watu hulidharau. Ekseli ya baiskeli kubwa ya kawaida iko kama sentimeta 35 juu ya ardhi. Ya gurudumu la inchi 16 iko kama 21 tu. Tela lililoundwa kwa baiskeli kubwa litainamisha pua yake sentimeta 14. Mzigo huteleza mbele, uzito huzidi juu ya kiungo, na mtoto huketi kana kwamba ateremka kilima siku zote. Dawa yake ni kiungo chenye shingo ipandayo juu, au tela lenye magurudumu madogo. Huku chini tena angalia kisigino chako: fremu hizi ni fupi nyuma, na mkono wa tela usipopinda vizuri utakugonga kila uzungushapo pedeli.

Breki nazo zataka hesabu. Mpandaji wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 12 ni kilo 82. Ongeza tela la kilo 40, jumla ni 122. Ikiwa nguvu ya breki ni ile ile, umbali wa kusimama huongezeka karibu nusu, maana tela halina breki zake. Mteremkoni, basi, anza kupunguza mwendo mapema.

Kabla mtoto hajaketi, jaribu kwa mfuko wa mchanga. Laza baiskeli chini kabisa: kiungo kizuri hujipinda, na tela hubaki limesimama. Pinda kushoto na kulia kwa polepole, uone kama tairi la tela lagusa kitu. Ukanda wa akiba upitishwe katika fremu yenyewe, si katika kiti, ili pini ikichomoka tela lisikimbie peke yake barabarani. Baada ya kilomita chache za kwanza, kaza nati tena.

Halafu chomoa pini, uondoe mkono wa tela, ukaikunje baiskeli mara tatu nne papo hapo uani, bamba likiwa mahali pake. Likigusa pedeli au sakafu, geuza pembe yake kidogo, kisha ukaze. Pini ifungwe kwa kamba fupi katika mkono wa tela, kwa maana ni ndogo, na gizani haionekani.