Antena Hutenda Kadiri Ilivyo

Tulipofunga antena ya waya juu ya paa la bweni ili tusikilize taarifa ya habari, redio ilikoroma tu. Waya ulikuwa mzima na kebo mpya. Kosa letu lilikuwa moja: ncha ya waya ilielekea kwenye mnara wa kituo. Tulipougeuza ubavu wake ukaelekea mnara, sauti ikaja safi.

Katika falsafa tunafundishwa kwamba kitu hutenda kadiri kilivyo. Antena nayo ni vivyo hivyo.

Antena ya msingi huitwa daipoli: fimbo mbili katika mstari mmoja, kebo ikiungwa katikati. Urefu wake wote ni karibu nusu ya wimbi. Kwa megahezi 100 wimbi lina mita 3, basi daipoli huwa na mita 1.4 hivi. Mawimbi yake husambaa kwa umbo la tyubu ya gurudumu, antena ikiwa mahali pa ekseli: ubavuni nguvu nyingi, nchani karibu hakuna. Na pale isiporusha vizuri, haipokei vizuri.

Umbo hilohilo huamua impedansi, yaani uwiano wa volti na mkondo pale kebo inapoungwa. Daipoli ina omu 73 hivi, hupatana na kebo ya omu 75. Tukiongeza fimbo ya pili sambamba na kuziunga ncha, usambaaji hubaki uleule, lakini impedansi hupanda mara nne, karibu omu 300. Tukiiunga moja kwa moja na kebo ileile, asilimia 36 ya nguvu hurudi nyuma. Kwa mtambo wa wati 1,000, hizo ni wati 360, zinazoweza kuunguza transista.

Mwaka 1926 Wajapani Uda na Yagi walieleza antena yenye fimbo nyuma ya daipoli na nyingine mbele. Fimbo hizo hukusanya nguvu upande mmoja, na kwa kawaida hushusha impedansi. Ndiyo sababu wengi hutumia humo daipoli iliyokunjwa. Lakini nguvu iliyoongezwa mbele imetolewa pande nyingine. Kituo kikielekeza antena hiyo mjini, vijiji vya nyuma vitabaki kimya.

Basi, kabla ya kuchanga fedha za mtambo mkubwa zaidi, tuulize kwanza: tunataka kumfikia nani, na je, antena yetu inapatana na kebo?