Miji ya tarakilishini nayo yahitaji wageni

Likizo iliyopita, mpwa wangu aliye katika shule ya upili alinijia sebuleni akiwa amebeba kipakatalishi cha babake. "Mjomba," akaniambia, "hebu uutazame mji wangu." Nikautazama. Ulikuwa na maghorofa yanayometameta, mto uliopinda, daraja refu, reli, na mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari. Ulikuwa na wakazi elfu arobaini na hazina iliyojaa fedha. Nilimpongeza, kisha nikamwuliza swali la kizee: "Mama mboga anauzia wapi?" Akacheka. "Mchezo huu hauna mama mboga, Mjomba." Nikamwuliza tena, "Na mtaa huu unaitwaje?" Alilazimika kulisoma jina kwenye kioo, kwa kuwa si yeye aliyelitoa. Lilitolewa na mashine.

Hata hivyo, kilichonigusa zaidi ni jambo alilonisimulia baadaye. Alikuwa amempelekea mwanafunzi mwenzake faili ya mji ule ili naye aufungue na kuutembea. Mwenzake hakuyajali maghorofa. Alilifuata gari moja la wagonjwa kutoka hospitali hadi mtaa ulio ng'ambo ya mto, akaliona likikwama darajani katika msongamano wa magari, kwa kuwa daraja lilikuwa hilo moja tu. Akamwandikia mpwa wangu swali fupi: "Wagonjwa wa ng'ambo ni wa nani?" Kijana alinuna siku mbili. Siku ya tatu akajenga hospitali ya pili.

Ndugu msomaji, nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu. Wengi wetu tulio walimu huiona michezo ya tarakilishi kuwa adui wa vitabu, na mara nyingine tuna haki ya kuiona hivyo. Lakini mchezo uliomfanya kijana mmoja amwulize mwenzake habari za wagonjwa wa ng'ambo hauwezi kupuuzwa hivi hivi. Yafaa tuuchunguze.

Michezo ya kujenga miji ilipata umaarufu mwaka 1989, Mmarekani Will Wright na kampuni ya Maxis walipotoa SimCity. Inasimuliwa kwamba Wright alipokuwa akiunda mchezo wa vita wa kurusha mabomu kutoka angani, uliotoka mwaka 1984, aligundua kuwa kuvijenga visiwa vya kulipuliwa kulimfurahisha kuliko kuvilipua. Kutokana na furaha hiyo akabuni mchezo usio na adui wala mshindi. Mchezaji hupewa ardhi na fedha kidogo, akatenga maeneo ya makazi, ya biashara na ya viwanda, akavuta umeme, akatoza kodi, kisha akangoja aone kama watu watahamia. SimCity 2000 ilitoka mwaka 1993 na SimCity 3000 mwaka 1999. Mwaka 2015 kampuni ndogo ya Ufini, Colossal Order, ikatoa Cities: Skylines, ambao ndio mchezo wa mpwa wangu.

Tangu mwanzo wachezaji hawakuridhika kuwa mameya wa faraghani. Miji ilibebwa katika diski kutoka nyumba hadi nyumba. Intaneti ilipoenea, Maxis yenyewe iliwafungulia wachezaji wake mahali pa kubadilishana miji, na Cities: Skylines nao ukaja na njia ya kugawiana ramani, majengo na miji mizima. Wengine wakaenda mbali zaidi. Waliambatanisha picha za miji yao na masimulizi ya mfululizo: jinsi mji ulivyoanzishwa na wavuvi, jinsi kiwanda kilivyofungwa, jinsi meya alivyoshindwa katika uchaguzi. Yaani mchezo usio na hadithi uliwafanya watu wazima kuwa watunzi wa hadithi.

Hapa ndipo taaluma yangu ya isimu inaponivuta sikio. Mji wa tarakilishini huwa bubu mpaka mwenyewe autoe kwa wengine. Akiwa peke yake, mchezaji hahitaji maneno, anabofya tu. Pindi anapomwonyesha mwingine, yambidi aeleze: hapa ni wapi, nani anakaa hapa, kwa nini barabara ikapita huku badala ya kule. Hapo maelezo huweza kuugeuza mji mzima.

Chukua mfano wa Magnasanti. Mji huo ulijengwa katika SimCity 3000 na kijana wa Ufilipino aliyekuwa akisomea usanifu wa majengo, ukaonyeshwa kwa ulimwengu mwaka 2010. Una wakazi wapatao milioni 6, idadi ya kustaajabisha katika mchezo ule. Hauna barabara, watu husafiri kwa treni za chini ya ardhi. Anayeutazama kwa tarakimu peke yake atasema huu ni ushindi mkubwa. Lakini mjenzi wake aliutoa pamoja na maelezo. Alisema waziwazi kwamba watu wake ni wagonjwa, wamefanywa wajinga, na fikra zao zimetiwa minyororo ili mtambo uendelee kuzunguka. Maneno hayo ndiyo yaliyougeuza ushindi kuwa onyo. Kama tujuavyo, nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.

Tulitazame basi neno lenyewe, mji. Katika Kiswahili, mji si rundo la majengo. Tunasema mji wa mimba, kwa maana ya mahali mtoto anapokaa kabla ya kuzaliwa. Ndugu zetu wa pwani wanajiita Mijikenda, yaani miji tisa, na hapo hawatutajii majengo tisa bali jamii tisa. Mgikuyu akisema mũciĩ anamaanisha nyumbani kwake, penye moto na watu. Aidha, kutokana na mwenye mji tumepata neno mwenyeji, na mwenyeji hutambulika kwa kuwa ana mgeni wa kumpokea. Asiyepokea mgeni atajidai mwenyeji wa nani?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii yaeleza barabara kilichompata mpwa wangu. Alikuwa amekaa na mji wake wiki kadhaa bila kuona kwamba nusu ya watu wake hawafiki hospitalini. Yeye alikuwa akitazama kutoka juu, kama mwewe. Mgeni aliingia kwa miguu, akauona ugonjwa mara moja, na kwa swali lake mwenyeji akapona. Kuonyesha mji ili usifiwe ni jambo dogo. Kuufungua ili uchunguzwe ni jambo kubwa, na linahitaji ujasiri ambao watu wazima wengi hawana.

Kuna sababu nyingine ya kuwahitaji wageni. Michezo hii ina maoni yake, ingawa haiyatangazi. Wright alijifunza mengi kutokana na kitabu cha mhandisi Jay Forrester wa chuo cha MIT, Urban Dynamics, kilichochapishwa mwaka 1969. Forrester aliugeuza mji kuwa hesabu, na mojawapo ya hitimisho zake ni kwamba kuwajengea maskini nyumba za bei nafuu huweza kuuzidishia mji dhiki. Wataalamu wengi waliipinga hoja hiyo vikali. Simwambii msomaji nani mkweli. Namwambia tu kwamba kila mchezo wa kujenga mji umebeba nadharia fulani tumboni mwake kuhusu kodi, umaskini na ardhi, na mchezaji apigaye bao peke yake huila nadharia hiyo bila kuitafuna. Wakiwa wawili na kuulizana kwa nini mji huu umefanikiwa na ule umeanguka, huanza kuitafuna.

Dhana iliyo nzito kuliko zote ni ile ya mwanzo kabisa: kwamba ardhi ni tupu. Mchezo hufunguka, na mbele yako kuna nyasi, mto na miti, bila mtu hata mmoja mwenye kusema "hapa ni petu." Sisi Wakenya tuna sababu ya kuishtukia picha hiyo. Reli ilipofika mwaka 1899 mahali tunapopaita Nairobi leo, wahandisi walichora mistari yao kana kwamba wamefungua mchezo mpya. Lakini mahali hapo palikuwa na jina tayari, jina la Kimaasai linalohusu maji baridi, na mwenye kupapa mahali jina ndiye aliyepajua kwanza. Kisha mji ukagawanywa kwa rangi za watu: Wazungu katika miinuko ya magharibi, Waafrika katika tambarare za mashariki. Hadi leo mtoto wa Nairobi hulipia nauli ya mistari iliyochorwa na watu ambao hawakumwuliza babu yake lolote.

Wasioulizwa nao hawakukosa kauli. Tazama majina ya mitaa waliyokaa: Shauri Moyo, Majengo, Makongeni. Nenda Mombasa ukayasikie ya huko: Mwembe Tayari, Mwembe Kuku, Kibokoni. Hakuna mashine ingeyatunga majina hayo, kwa kuwa kila moja ni kumbukumbu ya mti, ya kazi au ya uchungu fulani. Ndiyo maana nilisikitika kidogo kuona mpwa wangu ameiachia mashine kazi ya kutoa majina. Atoaye jina humiliki. Aachaye kutoa hupanga.

Msomaji aweza kusema kwamba haya yote ni mchezo tu. La hasha! Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa wananchi kuhusu upanuzi wa barabara. Ramani zilibandikwa ukutani, na maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Mzee mmoja alisimama akauliza kwa Kiswahili safi, "Hayo maji ya mvua mtayaelekeza wapi?" Alijibiwa kwa istilahi tatu za Kiingereza zilizofuatana kama risasi. Mzee akaketi. Mvua kubwa ilipokuja, maji yaliingia katika nyumba za watu, na yake ikiwamo. Katiba yetu ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na inataja kushirikishwa kwa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Lakini mwananchi atashirikishwa vipi ikiwa mji unapangwa kwa maneno ambayo hakufundishwa kuyatumia?

Bahati njema ni kwamba kuna waliokwisha kuonyesha njia, tena karibu nasi. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, liliungana na kampuni ya Mojang ya Uswidi, waundaji wa Minecraft, katika mradi uitwao Block by Block. Minecraft si mchezo wa umeya. Ni wa kujenga kwa vitofali. Katika mradi huo, mahali halisi hujengwa upya ndani ya mchezo, kisha wakazi wakaitwa waukarabati mfano huo wapendavyo kabla ya jembe kugusa ardhi. Miongoni mwa mahali pa kwanza kabisa palikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, kule Kibera. Asiyejua kusoma ramani ya mhandisi aweza kuonyesha kwa kidole: taa iwe hapa, njia ipite pale. Tofauti na mpwa wangu, hao hawajengi mji wa kubuni ili wautoroke wao. Wanaujenga ili wauzungumzie wao.

Basi nina pendekezo kwa walimu wenzangu, hasa wa Kiswahili na wa Jiografia. Mtaala wa Umilisi unatuhimiza tuwape wanafunzi miradi ya vitendo. Wapeni huu. Wagawe darasa katika vikundi, na kila kikundi kijenge mji wa kubuni. Wenye tarakilishi watumie tarakilishi. Wasio nayo, nao ni wengi, watumie karatasi ya manila, viberiti na udongo wa uwanjani. Swali la gari la wagonjwa halihitaji umeme. Kisha vikundi vibadilishane miji. Wageni waingie wakiwa na majukumu: mmoja awe mama mjamzito, mwingine mchuuzi, mwingine mzee asiyeweza kupanda ngazi, mwingine mtoto aendaye shule kwa miguu. Waulize, na wenyeji wajibu kwa Kiswahili, kwa maandishi. Watahitaji kusema kitongoji, kiunga, kichochoro, njiapanda, kivuko, mtaro na hifadhi ya barabara. Watayajua maneno hayo kwa kuwa watakuwa na haja nayo, na neno lililokuja kwa haja halisahauliki upesi kama lile lililokaririwa kwa mtihani.

Nanyi wanafunzi, mnaojenga miji usiku wakati wazazi wanadhani mnadurusu, ninayo nasaha moja. Msionyeshane picha za maghorofa tu. Mpe mwenzako mji wako mzima, na umruhusu akuulize. Akikuudhi, huenda amekuponya.

Juzi mpwa wangu amenipigia simu. Ule mtaa wa ng'ambo ya mto sasa una hospitali na daraja la pili. Mchezo bado hauna mama mboga, lakini ameacha kiwanja kitupu kando ya kituo cha basi, hakutaka kukijenga ghorofa, akakiandikia jina kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwuliza amekiitaje.

"Sokoni, Mjomba," akaniambia. "Wageni walisema wana njaa."