Leza ya macho: inamfaa nani, na nani asiisubiri?

Katika ukurasa wetu wa afya leo tutazungumza juu ya leza ya macho. Nimechagua habari hii kwa sababu kila ninapozunguka kwenye bloku naulizwa swali moja: "Ni kweli huko mjini kuna mwanga unaopigwa machoni, halafu miwani unaitupa?"

Ni kweli, upo. Lakini swali hilo limemgharimu jirani yetu mmoja miaka miwili.

Ni mama wa hapa kambini, jina lake siliandiki. Kijana wake ni fundi wa kuchomelea vyuma mjini Jinja. Macho ya mama yalipoanza kuona ukungu, nilitaka apelekwe kupimwa. Kijana akanipigia simu: "Dada, usimpeleke mama popote. Nakusanya pesa, nitamleta mjini apigwe leza." Akakusanya kweli, mtoto mwema. Mama naye akangoja. Katika kungoja huko aliungua mkono kwa sufuria ya maharage, na mara moja alianguka kwenye mtaro akienda chooni usiku. Mwishowe afisa wa macho alipotembelea kituo chetu cha afya alimmulika kwa tochi, nami nikaona mwenyewe: katikati ya jicho palikuwa peupe kama maziwa. Ulikuwa mtoto wa jicho. Leza ile ya kuachisha miwani isingemsaidia hata kama kijana angelipa mara kumi.

Ili tusirudie kosa hilo, tuelewe kwanza leza inafanya nini.

Jicho linaonaje?

Watoto wengi wameshacheza mchezo wa kuchoma karatasi kwa kioo cha kukuza. Unakishika juani, unakisogeza juu na chini, mpaka mwanga wote unakuwa nukta moja ndogo kali. Ukikisogeza zaidi, nukta inatawanyika na karatasi haiungui. Jicho hufanya kazi hivyo hivyo. Mbele kabisa kuna ngozi angavu kama kioo cha saa, inaitwa konea. Nyuma ya mboni kuna lenzi. Hizi mbili hukusanya mwanga ili nukta iangukie barabara kwenye ukuta wa nyuma wa jicho, unaoitwa retina. Watu wengi hudhani lenzi ndiyo inayofanya kazi kubwa, kumbe konea hufanya karibu theluthi mbili ya kazi hiyo.

Sasa, jicho la mtu likiwa refu kupita kiasi, au konea yake ikiwa imebinuka sana, nukta huangukia kabla ya kufika retina. Mtu huyo huona vizuri cha karibu lakini cha mbali ni ukungu. Jicho likiwa fupi, nukta ingeangukia nyuma ya retina, na hapo kazi ya karibu ndiyo inayosumbua zaidi. Wako pia ambao konea yao haikubinuka sawasawa pande zote, imekaa kama ubavu wa yai. Hao huona mistari imevutwa, herufi zina kivuli. Hali hii inaitwa astigmatizimu. Haya yote ni matatizo ya umbo. Si uchafu wala si mdudu, na kulogwa hakuhusiki. Miwani huyarekebisha kwa kuupinda mwanga kabla haujaingia jichoni.

Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Nilisoma sekondari Mbale, nikikaa kwa shangazi. Mpaka kidato cha pili nilikuwa nanakili kwenye daftari la jirani, mwalimu akiniita mvivu. Siku nilipovaa miwani ya kwanza nilitoka nje nikatazama mlima Wanale ulio juu ya mji. Nikaona maji yakiporomoka kwenye mwamba kama uzi mweupe. Miaka yote ile nilikuwa nauona mlima kama kivuli tu, na nilidhani kila mtu anauona hivyo.

Leza inafanya nini?

Leza ni mwanga, lakini mwanga uliopangwa ukaenda kwa mstari mmoja na kwa nguvu ile ile. Inayotumika kurekebisha konea ni ya aina ya urujuanimno, mwanga ambao jicho haliuoni. Haikati kama kisu wala haichomi kama moto. Huvunja vile viungo vidogo kabisa vinavyoshikilia nyama, na nyama hiyo hutoka kama mvuke bila kuunguza iliyo pembeni.

Jambo hili liligunduliwa kwa namna ya kuchekesha kidogo. Mwezi Novemba 1981 huko Marekani, mwanasayansi aitwaye Rangaswamy Srinivasan wa kampuni ya IBM alibeba kazini mabaki ya bata mzinga wa sikukuu, akaipiga leza ile nyama. Ilikatika safi, pembeni hapakuungua. Mwaka 1983 yeye na daktari wa macho Stephen Trokel wakaonyesha kwamba konea nayo inaweza kuchongwa hivyo. Mwaka 1995 serikali ya Marekani ikaruhusu leza hiyo itumike kurekebisha macho ya watu wasioona mbali.

Siku ya upasuaji mgonjwa halali usingizi wa dawa. Hutiwa matone ya ganzi, kope hushikwa kwa kifaa zisifunge, naye huambiwa atazame taa ndogo. Daktari hukata utando mwembamba juu ya konea lakini haukati wote, huubakiza upande mmoja na kuufunua kama jalada la kitabu. Leza hupiga hapo chini, mara nyingi kwa muda usiofika dakika moja, ikiongozwa na kompyuta. Kila pigo huondoa sehemu ndogo sana, kama robo ya elfu moja ya milimita. Kwa asiyeona mbali leza hupunguza katikati, konea ikae bapa kidogo. Kwa mwenye jicho fupi hupunguza pembeni, katikati ipate mwinuko. Kwa mwenye astigmatizimu husawazisha. Kisha utando hurudishwa mahali pake na hushika wenyewe bila uzi. Watu husema walisikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Wasiogope, jicho haliungui.

Iko namna nyingine isiyokata utando. Daktari husugua ngozi ya juu kabisa ya konea, kisha leza hupiga hapo. Hii huuma siku kadhaa na kuona vizuri hukawia, lakini humfaa zaidi mwenye konea nyembamba au mwenye kazi ambayo anaweza kupigwa usoni.

Konea nzima ina unene wa kama nusu milimita, yaani karatasi tano za daftari zikipangwa pamoja. Kwa tatizo la kawaida kinachoondolewa hakifiki unene wa unywele mmoja. Lakini kikitoka hakirudi. Ndiyo maana daktari mwaminifu hupima sana kabla ya kukubali, na wengine huwarudisha nyumbani.

Nani anafaa, nani hafai?

Anayefaa ni mtu mzima aliyepita miaka 18, ambaye namba ya miwani yake haijabadilika kwa mwaka mmoja hivi, na macho yake ni mazima. Mtoto hafai, kwa sababu jicho lake bado linakua, leo utamchonga na mwakani namba itakuwa imehama. Mama mjamzito au anayenyonyesha asubiri, maana hata macho hubadilika wakati huo. Mwenye macho makavu sana na mwenye konea nyembamba hawafai pia.

Hapa nataka nikae kidogo juu ya watoto wetu wanaojikuna macho. Vumbi la kiangazi linapoanza mnawaona: macho mekundu, yanawasha, wanayafikicha kutwa nzima. Mara nyingi ni aleji. Kufikicha kwa miaka mingi kunaweza kuchangia konea ilegee na kuchongoka mbele kama pembe. Konea ya namna hiyo ikipigwa leza ya miwani huharibika zaidi. Kwa hiyo mzazi, usiseme "atakuwa mkubwa yataisha." Mlete apate dawa ya kuwasha mapema. Na usimtie matone ya kuazima kwa jirani. Mengine yana dawa ya steroidi, ambayo ikitumika ovyo hupandisha presha ya jicho na hata kuleta mtoto wa jicho kwa kijana.

Leza haikosi madhara. Wengi hupata macho makavu kwa miezi kadhaa. Wengine usiku huona duara za mwanga kuzunguka taa. Wachache huhitaji miwani tena. Baada ya upasuaji lazima urudi kupimwa kesho yake na siku zinazofuata, utie matone kwa saa, usifikiche jicho hata likiwasha. Nafikiri hapa kambini, kwenye hema na vumbi, hilo la mwisho peke yake ni mtihani mkubwa.

Tena ukifika miaka 40 hivi, lenzi ya ndani hukakamaa na kusoma kwa karibu kunakuwa shida. Hiyo ni ya kila binadamu, na leza ya konea haiizuii. Unaweza kulipa pesa nyingi ukiwa na miaka 38 na bado ukanunua miwani ya kusomea muda mfupi baadaye.

Mbona mzee wa Jinja alipigwa leza akaona?

Kijana wa yule mama hakutunga habari yake. Jinja alikuwa na jirani, mzee aliyekuwa haoni, akapigwa leza kwa dakika chache, akaona. Nilipomhoji kwa simu ndipo likatoka lililofichika: mzee yule alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho kabla!

Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani iliyoingia ukungu. Kuchonga konea wakati lenzi ni chafu ni kama kupangusa dirisha kwa nje na pazia limefungwa ndani. Dawa yake ni upasuaji: daktari hutoa lenzi iliyoharibika na kuweka ya plastiki. Hata nchi tajiri zinazotumia leza kusaidia kukata, lenzi ile bado hutolewa kwa upasuaji. Sasa kwa baadhi ya watu, miezi au miaka baadaye, kile kifuko kinachoshika lenzi mpya huingia ukungu. Hapo ndipo leza ya aina nyingine hutoboa tundu dogo kwenye kifuko, na mtu anaona tena. Mzee alipata hiyo. Leza ilimalizia kazi iliyokwisha kufanywa na kisu.

Iko pia leza ya presha ya macho, ugonjwa unaoua mshipa wa jicho polepole bila maumivu. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, watafiti waliilinganisha na matone ya timolo. Matokeo yaliyotolewa 2021 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja leza ilifaulu katika macho kama 6 kati ya 10, na matone katika 3 kati ya 10. Lakini leza hiyo hushusha presha tu. Uoni uliokwisha kupotea haurudishi. Mama yetu alipoteza miaka miwili lakini mtoto wa jicho bado unatolewa. Angekuwa na presha ya macho, miaka hiyo isingerudi. Ndiyo maana nasema kupimwa kuje kwanza, habari ya leza baadaye.

Basi twende wapi?

Leza ya kuachisha miwani Nairobi hufanywa na hospitali za binafsi, kwa malipo makubwa. Usipande gari kwenda hospitali kuu ya Jinja au ya Mbale ukitegemea kuikuta. Huko utapata kupimwa, dawa, na upasuaji wa mtoto wa jicho. Jinja ndiko maafisa wengi wa macho wa Uganda walikosomea. Ukitoka Mbale kuelekea Malaba, Tororo kuna Benedictine Eye Hospital, inayojulikana sana kwa kazi ya macho. Hospitali za serikali ziliondoa ada mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia, ila uwe na akiba, kwani unaweza kuambiwa ununue vifaa au dawa. Anza kwenye kituo chetu cha afya upate barua ya rufaa.

Ukiwa mjini, mtu akikuuzia chupa ya "leza ya maji" mpite. Kijana wetu aliuziwa moja Jinja. Leza ni mwanga, haiingii kwenye chupa.

Na miwani msiidharau. Huko Bangladesh mafundi na wafanyakazi wa mikono wenye umri wa miaka 35 hadi 65 waligawiwa miwani ya kusomea bure. Matokeo yaliyochapishwa 2024 yalionyesha kwamba baada ya miezi minane kipato chao kilikuwa kimepanda kwa theluthi moja kuliko cha wenzao waliokuwa bado hawajapewa. Nawafikiria akina mama wetu wa cherehani, wanaoita watoto wawatungie uzi kwenye sindano. Ya kusomea unaweza kuijaribu hata sokoni ukiwa umepita 40. Ya mtoto wa shule asiyeona ubao, hapana, hiyo ni lazima apimwe.

Kijana wa Jinja alikubali. Pesa aliyoikusanya ilitosha nauli ya watu wawili, chakula na dawa, ikabaki. Mama alifanyiwa jicho la kulia. Plasta ilipotolewa kesho yake alinitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe wewe ndiwe mdogo hivi?" Jicho la kushoto limepangiwa mwezi ujao. Chati ya kupimia macho ninayo nyumbani. Asubuhi, jua likiwa halijakali, njooni na watoto, tupime kwa hatua sita.