Mnunuzi Akiitwa Mwizi

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya neno moja fupi, jepesi kinywani mwa mwenye duka, lakini kwa yule aambiwaye laweza kuwa mauti: "Mwizi!"

Siku ya mnada hapa Choma vitu hutandazwa juu ya turubai na watu husongamana. Huyu huinua kanga aitazame juani, yule hutia sabuni kapuni huku akitafuta fedha zake. Wageni nao hupita, maana nchi ya Tabora ni nchi ya njia tangu zama za misafara, na mgeni ndiye ashukiwaye kwanza. Sauti moja tu ikipazwa, mawe huokotwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, katika taarifa zake za miaka ya 2010, kilihesabu mamia ya watu waliouawa na makundi ya raia kwa mwaka mmoja. Wengi walishutumiwa wizi, na hakuna hakimu aliyewasikia.

Basi sheria yasemaje? Wizi ni kutwaa kitu cha mtu kwa hila, pasipo haki. Sabuni iliyo kapuni, na mwenye kapu angali dukani akingoja kulipa, bado si wizi. Mtoto aliye chini ya miaka 10 hahesabiwi kosa la jinai hata kidogo. Nasi tumeona watoto waliotumwa chumvi wakivutwa masikio mbele ya watu.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yampa raia ruhusa ya kumkamata atendaye kosa kama hilo mbele yake. Angalieni, wenye maduka: mbele yake. Kudhani si kuona. Tena akisha kumkamata, yampasa amkabidhi kwa polisi pasipo kukawia. Hana ruhusa ya kumfungia ghalani, wala kumpiga, wala kumvua nguo. Hata polisi wakitaka kumpekua mwanamke, hupekuliwa na mwanamke mwenziwe, kwa kumstahi. Na Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, yakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika.

Wewe uliyeshukiwa bure, usikimbie. Twajua miguu hutaka kwenda yenyewe, lakini akimbiaye huwapa watu sababu. Simama karibu na watu wazima wanaokufahamu, useme kwa sauti ya utulivu: "Ndugu yangu, sikuiba. Aitwe mtendaji wa kijiji, twende naye polisi." Kapu lako lifunguliwe huko, mbele ya mashahidi. Risiti, ukiwa nayo, huimaliza kesi kabla haijaanza. Kwa hiyo usiitupe mlangoni.

Mambo yakiisha, na ikionekana huna kosa, usidhani aibu ile ni yako kuibeba. Kumwita mtu mwizi mbele ya watu ni kumvunjia jina, na kumzuia pasipo haki ni kosa jingine. Kwa yote mawili aliyeonewa aweza kudai fidia mahakamani. Yafaa aandike siku ile ile majina ya walioshuhudia, maana watu husahau na wengine huhama. Na shauri lifunguliwe kabla ya miaka 3 kupita.